Kilemba Ndani ya Sufuria

Mama Tabasamu alipewa jina hilo na wateja. Miaka ishirini na miwili ya kupiga picha za vitambulisho, hakuna aliyeketi mbele ya kamera yake asiamriwe kutabasamu. Lakini sufuria huiambii itabasamu. Asubuhi hiyo zilikuwa sita mezani, zimeng'arishwa mpaka zinatia kiwi, na mwenye karakana iliyozitengeneza amekaa pembeni, mikono kifuani. Mpigapicha wa kwanza alimletea picha arobaini, na katika kila moja kitambi cha mpigapicha huyo kinaonekana ndani ya sufuria.

"Ikifika saa sita bado namwona mtu humo," mwenye karakana alisema, "nabeba vyombo vyangu."

Kazi yenyewe ni kitabu kizima cha bidhaa, vyombo mia mbili. Mama Tabasamu alikuwa ameitafuta kwa udi na uvumba.

Safari hii alikuwa na waya mrefu uliounganisha kamera na kompyuta. Anabonyeza, picha inatokea papo hapo kwenye kioo, kubwa kama sinia. Mbele ya kioo alimkalisha wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke anayeona vumbi juu ya kabati la mwenzake hata akiwa barabarani.

Akabonyeza.

"Nakuona," wifi akasema. "Kilemba chekundu, na mdomo umeachama."

Mama Tabasamu akatundika shuka jeupe, akalitoboa tundu, akapenyeza lenzi, mwenyewe akajificha nyuma. Sasa yeye kioo hakioni tena. Macho yake ni ya wifi.

"Kilemba kimeondoka. Kuna doa jeusi katikati, kama nzi."

"Ni jicho la kamera hilo."

"Liwe jicho, liwe pua, mimi naona nzi. Nani atanunua sufuria ya nzi?"

Mwenye karakana akakohoa. Saa sita kasoro dakika kumi.

Zamani angesubiri siku tatu filamu isafishwe ndipo aaibike. Leo aibu ilimfikia kila akibonyeza, na ajabu, ilimpandisha mori. Akasogeza kamera.

"Nzi kapanda," wifi akasema. "Teremka. Kulia. Rudi, umezidisha. Wewe kila kitu unazidisha, harusini kwangu ulinimulika mpaka nikamkosa bwana harusi."

"Wifi, nzi yuko wapi?"

"Karibu na mkono wa sufuria."

Basi akaizungusha sufuria kidogo, kivuli cha mkono kikalifunika doa. Akabonyeza.

Kimya. Kimya cha wifi yake hakuwahi kukisikia tangu aolewe. Akachungulia kando ya shuka.

"Sema basi."

"Niseme nini na sina la kusema?"

Mwenye karakana akainuka, akapeleka pua mpaka kwenye kioo, akaipekua picha kama mtu anayetafuta chawa. Ukingoni, tumboni, kwenye mfuniko. Hakupata mtu.

"Mmejificha wapi nyie?"

"Tupo, tunasubiri vyombo vingine," wifi akajibu.

Mwenye karakana akatoa simu, akapiga karakana. "Leteni mabirika. Yote."

Birika lina shingo, lina tumbo, lina mdomo uliopinda, na kila upande unakurudishia sura yako. Mama Tabasamu alikuwa ameshashika mkasi.

"Wifi, yale mashuka yako mapya yako wapi?"

"Kitandani kwangu, na yatabaki huko huko," wifi akasema, huku akivaa viatu akayalete.