Mpira Unaovuja

Wifi yangu ni fundi baiskeli, na mtaa mzima unamwita Mama Pampu. Ana grisi kwenye kucha hata akienda harusini. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa ghala bovu: matairi yametundikwa kwenye misumari, beseni la maji la kutafutia matundu liko mlangoni, gundi na msasa vimo kwenye kopo la maziwa. Mimi nimeolewa na mdogo wake, ambaye ni kocha wa timu, kwa hiyo nina haki ya kuwasema wote wawili. Dada mtu nitamsifu. Huyu wangu, ngoja kwanza.

Timu ilizaliwa hapo kibandani. Vijana waliokimbia vita kwao walikuwa wamepewa vyumba nyuma ya ghala, wakawa wanashinda kwenye ngazi, kimya, macho chini. Wifi aliokota mpira uliotupwa, akauziba, akawapa. Mpira wenyewe mkaidi: ukiziba hapa, unavujia pale, ukiuacha leo mgumu, kesho umenywea. Basi kabla ya mazoezi wanakaa duara, pampu inapita mkono kwa mkono, na kila mmoja akijaza anasema lililo kifuani. Asiyetaka anajaza tu, anampa mwenzake. Sheria ya wifi ilikuwa moja: la kwenye pampu linaingia mpirani, na linatoka na upepo. Hakuna kulibeba nyumbani.

Siku zikaenda, vijana wakaanza kulala, kula, hata kugombana. "Mgonjwa akianza kugombana, huyo amepona," wifi alisema.

Aliyebaki ni binti mmoja tuliyemwita Kipa. Huyo alikuwa hasemi kabisa. Pampu ikimfikia, anajaza, anaipitisha. Kisha siku moja akaing'ang'ania, akasema. Alisema nini sikujua. Nilimchimba wifi wee, akanijibu, "Kaulize mpira." Nilichokiona ni kesho yake uwanjani: Kipa amesimama golini, anawafokea mabeki. "Rudi nyuma, wewe! Unalala?" Wifi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi.

Sasa mume wangu. Siku ile Kipa aliposema, alikuwa pembeni ya kibanda, anashona nyavu, na masikio hayana pazia. Baadaye wakaja wageni wa shirika moja, wanataka kutoa jezi na mipira, wakamuuliza michezo inawasaidiaje hawa vijana. Mume wangu akisifiwa kidogo tu, hufunguka kama duka. Akawaeleza.

Siku ya mashindano, mgeni mmoja akashika kipaza sauti kabla ya mapumziko. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana iliuma zaidi. "Binti huyu mnayemwona golini," alianza, na akayatoa yote, habari za mdogo wa Kipa na njia waliyopita. Mimi sitayarudia. Watu walipiga makofi. Kipa akavua glavu, akaziweka chini kwenye mstari, akaondoka. Mchezo ulikuwa unaendelea na goli liko wazi.

Wifi alikuja nyumbani kwetu jioni, akakataa kiti.

"Dada, nilitaka watusaidie," mume wangu alisema. "Na jina lake sikulitaja."

"Ulitaja goli. Golini wanasimama wangapi?"

Mume wangu akamsogezea kiti tena.

"Nimekulea kwa mgongo wangu huu," wifi akasema. "Mtoto wa watu umemuuza kwa fulana."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi chakula cha mlaji nakipika mwenyewe. Nilimtazama nikajiuliza yangu mangapi ameshayamwaga huko nje. Nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza.

Wifi akaniomba nimsindikize kwa Kipa. Binti alifungua mlango nusu.

"Nilidhani ni wewe, mama."

"Si mimi, mwanangu. Ni mdogo wangu."

"Lakini wewe ndiye uliyetuambia hayatoki nje ya duara."

Wifi akanishika mkono, tukarudi.

Kipa alirudi mwishowe, kwa kuwa timu ilikuwa inafungwa ovyo na wenzake walimlilia. Mipira mipya ya wageni ilikuwa kibandani, migumu, haivuji. Wifi akaisukuma kando, akamfukuza mume wangu akasimame barabarani, akautoa ule wa zamani. Duara likakaa. Pampu ikamfikia Kipa, akajaza, akaipitisha. Aliyefuata ni kijana mmoja mropokaji, ambaye kwa kawaida tunamwomba apumue. Naye akajaza, akaipitisha. Hivyo hivyo mpaka ikamfikia wifi, na kilichosikika ni pampu tu.

Wakaenda kucheza. Kipa alidaka kila kilichokuja, na hakumfokea beki hata mmoja.