Boksi Halifungi Fundo

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nimekosea, ilikuwa ishirini na tatu, maana ishirini na mbili Séverine wa Katumba alikuwa bado anakwenda shambani bila fimbo. Goti lilianza kumsumbua baada ya hapo, na goti ndilo ndugu zake walilolifanya sababu.

Boksi la kuonea mtandao kwenye TV lilifika na basi la Tabora, limefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Lilitumwa na Jean-Marie, mtoto wa marehemu Antoni, kaka yake Séverine. Dada yake Jean-Marie, Providence, alikuwa anaolewa huko Tabora Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ujumbe wa simu ulisema shangazi asisumbuke na safari, harusi yote itarushwa moja kwa moja, ataiona akiwa kwenye kochi lake.

Mwalimu Cletus, jirani, ndiye aliyekuja kulifunga.

“Mbona kenyewe kadogo kama kipande cha sabuni?” aliuliza Séverine.

“Humo ndani kuna dunia nzima, mama.”

“Dunia nzima! Na choo chao wamekiweka upande gani?”

Cletus alicheka mpaka akaangusha rimoti. Akachomeka waya nyuma ya TV, akalirushia boksi bando kutoka kwenye simu yake. Kioo kikawaka, ikatokea milima ya barafu ambayo hakuna aliyeiomba, kisha maandishi.

“Linasemaje?”

“Linauliza nani anatazama.”

“Andika Séverine. Ila liambie bado sijakubali.”

Hata hivyo hakuwa mtu wa kudharau kitu asichokijua. Siku tatu alitazama. Aliona kwaya, aliona samaki wakubwa kuliko nyumba, akasema picha ni safi, mtu anahesabiwa hadi meno. Lakini kila akizima, alikuwa anawaza fundo.

Kwao, watu wenye asili ya Burundi, siku ya harusi binti huvalishwa imvutano, ile nguo inayoning'inia kutoka begani. Katika ukoo wa Séverine, fundo la begani hulifunga shangazi, dada wa baba. Mama mzazi hafungi, jirani hafungi. Yeye mwenyewe alifungwa na shangazi yake hapo hapo Katumba, na dada wa Antoni alikuwa amebaki yeye peke yake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Jean-Marie alirusha picha za majaribio. Séverine alivaa kitenge chake cha kutokea, akakaa wima. Kamati ya harusi ilipotokea kwenye kioo, alisimama.

“Amahoro, wanangu!”

Wale kwenye kioo waliendelea kupanga viti.

“Mbona hawaitikii?”

“Hawakusikii, mama,” alisema Cletus. “Wewe unawaona, wao hawakuoni.”

“Kumbe. Basi niko kama Antoni.”

Kwenye kioo, mama mmoja mwenye daftari akauliza, “Na kiti cha shangazi pale mbele?”

“Shangazi anatazama nyumbani,” alijibu Jean-Marie. “Hapo tuweke spika.”

“Na fundo?”

“Si atafunga Mercy, yule mpambaji? Ana mikono myepesi.”

Cletus alinyoosha mkono kuchukua rimoti.

“Acha!” Séverine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa waya mwenyewe, akatoa kitambaa cha kufuma kilichofunika TV, akalifunga boksi ndani yake.

“Mama, na goti je?”

“Goti ni langu. Kwani nimeliazima kwa Jean-Marie?”

Ijumaa alfajiri alipanda pikipiki hadi Mpanda, akaingia basi linalopitia Inyonga, mguu ameunyoosha njiani.

“Bibi, kunja mguu watu wapite,” alisema konda.

“Ungekunjika, nisingetumiwa boksi. Waambie waruke.”

Wakaruka.

Jumamosi aliingia ukumbini Tabora wakati Mercy ameshaweka nguo begani mwa Providence. Pale mbele palikuwa na spika nyeusi, ndefu kama kabati.

“Hiyo ni shangazi wa nani?” aliuliza Séverine.

Vijana wawili waliibeba wakaitoa bila kuambiwa mara ya pili. Mercy alirudi nyuma mwenyewe. Séverine alifunga fundo, akalifungua kwa kuwa halikumridhisha, akalifunga tena. Bibi harusi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. “Nilijua utakuja, shangazi,” alisema.

Ndipo Séverine akamwendea Jean-Marie, akamwekea boksi mapajani, bado limo ndani ya kitambaa.

“Shika. Hili lina swali lake, nani anatazama, utalijibu wewe. Mimi nina langu.”

Akauliza. Jean-Marie akatazama viatu vyake, mama wa daftari akafunua kurasa, msema chochote mwenye kipaza sauti akaitisha muziki. Baadaye Séverine alipewa pole ya safari, akaletewa soda na nyama laini. Jibu halikuletwa. Mpaka leo wakimpigia simu kutoka Tabora, akishamaliza kusalimia, Séverine huwauliza tena kwa upole kabisa: ni nani kati yenu aliyeamua kwamba mimi ni wa kutazama?