Maji ya Alhamisi

Miaka tisa, jamani, si mchezo. Kila Alhamisi asubuhi Priska alitundika begani mkoba wa usharika, akapanda kilima hadi kwa mzee Hezroni, akamwosha, akamsomea Neno. Usharika ulimtuma yeye, mjane mwenye magoti mabovu, kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru.

Zamani Hezroni alikuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mlimani na kuyaachia mashambani kwa zamu. Kiharusi kilimlaza, kikaondoka na kauli yake. Tangu hapo hakumpa Priska hata dalili kwamba anasikia. Macho darini, basi.

Kibaya zaidi, Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya maji ya Priska mwenyewe. Miaka yote hiyo alibadilishana na jirani, akapokea maji ya Jumamosi, matope matupu ya chini ya ndiva. Shamba lake lilikuwa aibu. Mwaka huu vuli ikagoma kabisa, mahindi yakaanza kujikunja, na Priska akachoka. Akachoka kweli. "Bwana," alisema jikoni kwa hasira, "ungenionyesha jambo moja tu!"

Basi Alhamisi ile akabeba jembe, mkoba akauacha. Maji yakafunguliwa, yakateremka mferejini, yakapita chini ya dirisha la Hezroni, yakafika shambani kwake. Mahindi yakanywa. Priska alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Jumapili akauchukua mkoba kwenda kuurudisha kwa mchungaji. Njiani akakutana na Elinaza, mke wa mtoto wa Hezroni, ambaye ndiye anayemtunza mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Hajala tangu Alhamisi. Kwani uliumwa, mama?"

"Hajala kwa nini?"

Elinaza alimshangaa. "Si alikuwa anakusubiri? Kila Alhamisi akisikia maji mferejini, anageuza macho mlangoni mpaka upige hodi. Ukiingia tu anayarudisha darini. Ana haya yule, kuoshwa kama mtoto! Mimi nilidhani unajua. Safari hii alitazama mlango mpaka maji yakakatika, ndipo akageuzia uso ukutani."

Maji yale yalikuwa yake Priska. Jambo moja aliloliomba lilikuwepo miaka yote tisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelizima.

Kwa mchungaji hakufika. Alipanda na mkoba wake hadi kwa Hezroni, akapiga hodi, akaingia. Mzee alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Nilikwenda kumwagilia."

Akamwosha, akafungua Biblia pale alipokuwa ameishia, akasoma sura nzima. Hezroni hakugeuka.

Jioni alimwambia jirani achukue tena maji ya Alhamisi. Mzee aliishi Alhamisi tatu zaidi. Priska hakukosa hata moja, na mzee hakugeuka hata mara moja.

Baada ya mazishi mchungaji alimtajia mgonjwa mwingine, bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde, asiyemtambua mtu yeyote. Priska hakuuliza kama anasikia. Aliuliza njia.