Waliponihamishia Jikoni

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kazi moja tu, ualimu. Alama zangu hazikunifikisha chuoni. Baba alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, karibu na ziwa, na alitaka nibaki nyumbani nirudie mtihani. Lakini wadogo zangu walikuwa wakifukuzwa shule kila muhula kwa sababu ya karo, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaja Nairobi kwa dada yangu, aliyeolewa na seremala huko Kambi Muru, Kibera. Nililala nyuma ya pazia, miguu ikigusa mbao za shemeji. Nilidhani nitakaa hapo kwa muda tu, hadi shule fulani inichukue.

Kazi ya kwanza niliipata mtaa wa Olympic, ng'ambo kidogo tu ya kwetu, mahali ambapo maji yalitoka ndani ya nyumba. Nilifua, nikapika, nikalea. Mama aliyeniandika alifanya kazi benki. Hakuwa mkatili. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari za kazi ya nyumba husubiri kusikia kipigo. Hakunipiga. Aliniwekea kikombe changu cha plastiki, cha kijani, kilichokaa chini ya sinki pamoja na sabuni, ili nisichanganye na vya kwao.

Siku moja baba alikuja mjini kwa mkutano wa kanisa, akapita kunijulia hali. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Nilimwona kwenye geti, nikakimbia kumwambia mwajiri wangu.

"Wageni wako wakae huko nje, tafadhali," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Ni baba yangu."

"Nimesikia. Mpelekee chai."

Nikampelekea chai kwa kile kikombe, maana sikuruhusiwa kugusa kingine. Baba aliinywa amesimama kando ya geti, mlinzi akitazama upande mwingine ili asimwaibishe. Alipomaliza alinirudishia kikombe kwa mikono yote miwili, akasema, "Asante, mama," kama vile nilikuwa nimemkaribisha mezani. Baadaye nilisikia kwamba huko nyumbani alikuwa akiwaambia watu nafanya kazi ofisini. Mwisho wa mwezi niliondoka. Mwajiri aliniuliza nimekosewa nini. Sikujua nianzie wapi, nikasema naumwa mgongo.

Baada ya hapo nilianza kufuata umati uliotembea asubuhi kando ya reli kwenda viwandani. Tulisimama nje ya geti, na supavaiza akatuonyeshea kidole: wewe, wewe, na wewe pale. Nilichukuliwa na kiwanda cha nguo, nikapewa mkasi mdogo wa kukata nyuzi zilizobaki kwenye mashati. Nilikata nyuzi hadi nikaziota. Walikuwa na ujanja wao pale. Kila ulipokaribia muda wa kuandikwa kwa kudumu, uliachishwa kidogo, halafu ukaitwa tena kama mgeni. Kuna wanawake waliokuwa wageni hapo tangu wakiwa wasichana.

Huko ndiko nilikopata mtoto wangu wa kike. Baba yake alikuwa fundi wa mashine. Nilipomwambia, alisema tutapanga, na wiki iliyofuata nikaambiwa amehamia tawi la Mombasa. Tumbo lilipoonekana, kidole cha supavaiza kikaanza kuniruka. Hakuna aliyenifukuza. Nilisimama tu pale getini kila asubuhi, nikirukwa, hadi nikaelewa.

Shemeji naye alipoteza karakana yake, akarudi kijijini kwao na dada. Rafiki yangu wa kiwandani, aliyekuwa ameachishwa kama mimi, akanichukua tuishi naye Kawangware, pale kituo cha matatu cha 46. Alikuwa akikaanga chapati barabarani. Nikawa nakanda unga huku mtoto amefungwa mgongoni. Karibu na kibanda chetu kulikuwa na kanisa la mabati, na mchungaji wake alikuwa mteja wetu wa kila asubuhi.

Mtaa ule ulijaa watoto ambao wazazi wao walikwenda vibarua na kuwaacha wakizurura. Walizoea kuketi kando ya jiko letu kungojea chapati zilizoungua. Ili wasikaribie moto, nilianza kuwachorea herufi vumbini kwa kijiti. Mchungaji alisimama akatazama.

"Kumbe umesoma?"

"Fom foo."

"Kanisa ni tupu siku za wiki," alisema. "Waingize hao watoto ndani."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Shemeji ya rafiki yangu alipaka plaiwudi rangi nyeusi, ikawa ubao. Watoto walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, miguu ikining'inia. Mvua ikinyesha mabati yalipiga kelele hadi nikafundisha kwa ishara. Wazazi waliniletea walichokuwa nacho: sukuma wiki, makaa, mara nyingine sabuni. Binti yangu alipofika umri alijiunga na wenzake, akawa ananiita mwalimu darasani na mama nyumbani, na hakukosea hata mara moja. Nikipita mtaani, hata vijana wa kona walioogopwa na kila mtu walinipisha na kunisalimu. "Sasa, mwalimu." Nilikuwa nimewasili, au ndivyo nilivyodhani. Miaka hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu zaidi, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Halafu wafadhili wakaja. Walikuwa wageni wema, wanawake kwa wanaume, waliotokwa na machozi upesi. Walinipiga picha nikiwa mbele ya plaiwudi na watoto wamenizunguka. Mwaka uliofuata fedha zikatumwa, kiwanja kikanunuliwa, na jengo la mawe likasimama, lenye madirisha ya vioo na jiko kubwa nyuma. Nilibeba madawati mwenyewe siku ya kuhamia. Nilikuwa nimeshachagua darasa langu, lile lenye jua la asubuhi.

Mchungaji aliniita kabla muhula haujaanza. Alinivutia kiti.

"Mama, wafadhili wanataka watu wenye karatasi," alisema. "Walimu waliosomea."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu wetu. Hatuwezi kukutupa. Jikoni kuna nafasi."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa akinitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi. Akaongeza kwamba watoto wa wafanyakazi wangesoma bure. Hapo alijua amenishika. Nilimfikiria binti yangu, nikavaa aproni.

Siku ya kwanza watoto walipanga foleni na sahani zao, na kila mmoja akasema, "Asante, mwalimu." Niliwapakulia githeri, mahindi na maharagwe, nikijifanya moshi ndio unaoniumiza macho. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu mpya alitangaza mbele ya shule nzima kwamba walimu ni wale walio darasani, na watu wa jikoni waitwe anti. Wadogo walishika haraka. Wakubwa, wale niliowaanzisha vumbini, waliona afadhali wasiniite chochote. Binti yangu aliniuliza jioni, "Mama, ulikosa nini?" Nikamwambia sikukosa kitu. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini. Mtoto anajua mtu haondolewi bure.

Aliyechukua darasa langu alikuwa msichana kutoka chuoni, mpole, mwenye sauti nzuri. Alifundisha vizuri. Ningependa kusema hakuweza, lakini aliweza. Mara moja alikuja jikoni akaniuliza kuhusu mtoto mmoja asiyesema kabisa.

"Wanasema ulikuwa unamfanya asome. Ulikuwa unafanya aje?"

"Mimi ni mpishi," nikamwambia, nikaendelea kuchambua maharagwe. Akaenda zake. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei. Alikuwa na mshahara wa kutafutia jibu hilo.

Ofisini walitundika kalenda ya shule, iliyochapishwa ng'ambo. Kwenye jalada nilikuwa mimi, nimeshika chaki. Nilipopeleka chai huko niliikuta ikinitazama.

Wafadhili walirudi siku moja mchana, wakati wa chakula. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe alinitambua nikiwa nimeinamia sufuria. Akaja na mikono wazi, akaniita mwalimu kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mchungaji akauliza kwa nini niko hapa.

Mchungaji hakusita. Akamwambia kwamba kazi ya darasani ilinichosha, kwamba mimi mwenyewe niliomba nipumzike.

Alisahau kwamba nasikia Kiingereza. Au hakusahau, alidhani nitanyamaza. Nikaweka mwiko chini.

"Sikuomba," nikamwambia yule mama kwa Kiingereza chake. "Niliondolewa, kwa sababu mlitaka karatasi."

Nilingoja yule mama aseme kitu. Niliamini kabisa kwamba atasema kitu. Alinishika bega, akanifinya kidogo kama mtu anayempa pole mfiwa, kisha akaelekea kule walikokuwa wakionyeshwa vyoo vipya.

Haikufika mwisho wa wiki. Mchungaji aliniambia jiko linahitaji mtu mwenye moyo wa shukrani. Nikamtoa binti yangu pia, nikampeleka shule ya kanjo, ya baraza la jiji, ambako walibanana madarasani kama sisi kwenye yale mabenchi.

Niliuza mitumba, nikafulia watu nguo kwenye magorofa, nikauza maji. Wakati huo shule ndogo za mabati zilikuwa zikichipuka kila kona, na moja ya Kibera, si mbali na kwa dada pale zamani, ilikuwa ikitafuta mwalimu wa watoto wadogo, hata asiye na cheti mradi awe na uzoefu. Nilikwenda. Mwenye shule, mwanamume mstaarabu, alinisikiliza hadi mwisho, akasema atauliza kule nilikotoka ili awe na uhakika. Niliporudi, alinipokea mlangoni.

"Nimeongea na mchungaji wenu," alisema. "Anakusifu sana. Amesema hajawahi kupata mpishi kama wewe."

"Amesema nilifundisha?"

"Hapana, hakutaja hiyo." Alikuna shingo. "Lakini tutahitaji mtu wa kuwapikia uji."

Nilimshukuru, kwa kuwa hakunikosea lolote. Nikatembea hadi Kawangware kwa miguu, kwenye jua kali, na mara mbili njiani nilisikia mtu akiita mwalimu. Sikugeuka.