Kiganja Kimoja cha Gome la Mzambarau

Sisi tuliokulia Pasiansi, tukicheza kombolela kwenye miamba, msimu wa zambarau tuliujua kwa ndimi. Ulimi ukishakuwa na rangi ile, huwezi kumdanganya Bibi kwamba hukupanda mti wake.

Matunda Bibi aliyatoa bure. Gome aliligawa kwa kipimo. Mtu akija anaharisha, alibandua kipande cha kiganja kimoja upande jua linakochomoza. Akija mwingine, upande linakozama. Kisha alipaka tope pale alipobandua. Gome alilichemshia kwenye chungu cha udongo, kwa sababu kwenye chuma maji yanakuwa meusi kama wino. Darasa la saba mwalimu alitueleza kwamba gome lina tanini, ndiyo inayokaza ulimi ukilitafuna, na ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Nilitaka kunyoosha mkono niseme Bibi anajua. Nikaona aibu.

Lakini nilipokuwa darasa la tatu sikujua lolote. Mdogo wangu Neema aliharisha, na Bibi alikuwa Kirumba, amefuata dagaa sokoni Mwaloni. Nikachukua panga. Kiganja changu nikakiona kidogo, nikaongeza cha pili, cha tatu, mpaka nikazunguka shina lote. Nikakaa kusubiri kusifiwa.

Bibi alirudi na ndoo kichwani. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi." Hakuitikia.

"Umeuvua nguo zote?" akauliza.

Jirani yetu, Mama Rehema, akacheka. "Marahaba, dokta! Mgonjwa wako ni mti au ni Neema?"

Bibi hakucheka. Aligusa ule mti mtupu uliobaki mweupe. "Chakula cha mizizi kinashukia kwenye gome. Sasa itakula nini?"

Neema alipewa maji ya chumvi na sukari, akapelekwa zahanati, akapona. Mti Bibi aliukandika tope, akaufunga kanga yake kuukuu. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuutazama. Majani yakawa ya njano, yakapukutika. Msimu uliofuata hatukupata hata tunda moja.

Hakunichapa. Alinipa kokwa alizokuwa ameweka. "Panda. Mti usiubandue mpaka kiganja changu kionekane kidogo kwenye shina."

Mche wa kwanza uliliwa na mbuzi. Wa pili pia. Huu wa tatu ndio umeshika, na Bibi hakuuona, alikuwa ameshafariki.

Siku hizi wadogo zangu wakiumwa tumbo wanaiuliza simu. Mjini gome linauzwa limesagwa kwenye chupa, na muuzaji anasema linatibu kila kitu kuanzia jino mpaka kufeli mtihani. Ndimi za watoto ni safi mwaka mzima.

Juzi Neema aliniomba gome la kumtibu mtoto wa jirani anayeharisha. Nikaweka kiganja changu kwenye shina la ule mche wa tatu. Vidole vikazunguka, vikakutana na kidole gumba upande wa pili. Nikamwambia wampeleke zahanati, nikarudi kuumwagilia maji.