Chombo cha Mama Hakioshwi

Kabla ya kupangisha vyumba sikuwa na kanuni za jikoni. Nilikuwa na mama, na hiyo ilitosha.

Nyumba yetu iko Garissa, karibu na soko la mifugo, na siku ya mnada upepo hutuletea harufu ya utajiri wa watu wengine. Watoto walipohamia Nairobi na baba yao akatangulia mbele ya haki, vyumba viwili vilibaki na vumbi na mijusi. Nikaamua kupangisha, wanawake tu. Wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Ukambani, msichana mpole asiyeosha sufuria. Wa pili alikuwa muuguzi kutoka upande wa ziwa, mwenye kicheko cha kutimua paka. Wote wawili walitoka ng'ambo ya daraja la Tana. Huku kwetu mtu akilivuka lile daraja twasema amekwenda Kenya, utadhani sisi tunaishi mwezini.

Mama nilimtoa kwake Habaswein, njia ya Wajir, kwa mbinde. Alikuwa ameanguka akiteka maji kisimani, daktari akasema ni presha, akaagiza vidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Mama alivipokea kwa adabu. Aliporudi kwake akawagawia majirani waliolalamikia kichwa, kimoja kimoja, kama anayegawa tende. Akaanguka tena, vibaya zaidi, na nikaapa kwamba safari hii harudi. Yeye akasema Garissa kuna makelele, maji yasiyo na chumvi wala ladha, na watu wasiomaliza salamu. Angekaa kwa sharti moja: maziwa ya ngamia kila siku, kutoka katika chombo chake mwenyewe.

Chombo hicho ni dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na mama yake kabla sijazaliwa. Hakioshwi. Kinafukizwa: unatia ndani kijiti kinachowaka, cha mti unaofaa, unasugua pande zote, unafunika. Moshi ndio sabuni yake, na ndio unaoyapa maziwa ladha. Ndani ni cheusi tii. Mtoto yeyote wa wafugaji anajua hivyo, kwa hiyo haikunijia hata siku moja kwamba ni jambo la kuandikwa.

Mengine niliyaandika. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba, nikawapa sifongo na karatasi ya kanuni, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Nyama ya nguruwe isiingie, wala soseji isiyojulikana wazazi wake. Pombe isiingie hata kwa kisingizio cha kulainisha nyama. Ramadhani, anayepika mchana afunge mlango na asiimbe. Omena, wale dagaa wa ziwani, wakaangwe uani, tena mama akiwa kwa jirani. Hiyo ilitokana na wiki ya kwanza ya muuguzi, alipokaanga omena wake jikoni na mama akatoka chumbani ameziba pua kwa mtandio, akauliza nani amekufa.

Muuguzi alisoma karatasi yote, mikono kiunoni.

"Dada," akasema, "na kupumua je? Hapa hapa, ama pia niende uani?"

Kanuni ya mwisho ilimlenga mwalimu, aliyeroweka sufuria ya ugali mpaka ikataka kuota majani. Iliandikwa hivi: Ukikuta chombo kichafu, kioshe, usiulize ni cha nani. Niliipenda sana hiyo. Ilikuwa fupi, yenye haki, na nusura initoe roho.

Siku moja baada ya swala ya alasiri mama alijimiminia maziwa, akapiga funda moja, akatema. Akakinusa chombo. Mama hazungumzi Kiswahili ila pale anapotaka kumkamata mtu.

"Nani biga sabuni hii chombo?"

Muuguzi, aliyezoea kumwita mama ayeeyo, yaani bibi, akatokea akifuta mikono, uso umejaa furaha ya mtenda mema. "Ni mimi, ayeeyo! Nilikikuta kimeungua chote ndani. Nimekisugua kwa waya wa sufuria, nikamalizia na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sasa kunywa bila wasiwasi."

Mama alitazama ndani ya chombo kwa muda mrefu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alinigeukia, akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari: "Kesho asubuhi nipeleke kwenye basi la Wajir. Nitashuka Habaswein."

Nilimgeukia muuguzi kwa maneno ambayo mwenyeji mwenye adabu hayatumii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda mbele ya friji, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari: "Ukikuta chombo kichafu, kioshe, usiulize ni cha nani." Mwalimu, aliyekuwa mlangoni na kikombe kichafu, akarudi chumbani kwake kinyumenyume.

Nilitaka kumfukuza muuguzi, nilitaka kumpigia mama magoti, nilitaka kulichoma lile friji. Zaidi ya yote niliogopa. Kukaa peke yangu nilishazoea. Nilichoogopa ni simu ya kutoka Habaswein, ya jamaa anayeanza kwa salamu ndefu kupita kiasi.

Asubuhi mama alikuwa amekaa juu ya mfuko wake karibu na geti, mtandio umefungwa, akisubiri tuktuk. Nilimweleza habari ya presha. Akaniambia presha yake imeletwa na Garissa na itabaki Garissa. Nilimwomba, nikalia kidogo, akanipa ncha ya mtandio wake nijifute. Tuktuk ikapiga honi.

Hapo ndipo moshi ulipotokea uani. Mama akainua pua.

"Hii moshi ya nini?"

Tukazunguka nyumba. Muuguzi alikuwa amechuchumaa na sare yake ya kazini, macho mekundu, amekipakata chombo, anasokomeza ndani vijiti vinavyowaka.

"Nafukiza, ayeeyo. Nimewauliza wagonjwa wangu wodini usiku, wakanifundisha."

"Na mti gani?"

"Huu hapa wa kwenye ua."

Ua wetu ni wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuturekebishia jangwa ukala malisho na kung'oa mbuzi meno. Hakuna mfugaji anayeutaja bila kuulaani.

"Mathenge!" Mama alipaza sauti mpaka dereva wa tuktuk akazima injini. "Subhanallah! Mathenge ndani ya chombo ya mama yangu! Hata safari bado, wewe nataka ua mimi hapa hapa?"

Akamnyang'anya chombo, akakung'uta makaa chini, akakaa kwenye kigoda. Mimi nikatumwa kwa akina mama wa maziwa sokoni kuleta vijiti vya mti wa haki. Nilikwenda na tuktuk ile ile iliyokuja kumchukua yeye. Niliporudi walikuwa wameinamiana, vichwa karibu vigongane.

"Si hifyo. Hifi. Bole bole. Wewe nachoma sindano watu na mkono hii?"

Muuguzi akaungua kidole, akacheka kile kicheko chake. Mama akageuza uso upande wa pili, na niliuona mtandio ukitikisika mabegani.

Dereva akauliza kama hooyo, yaani mama, yuko tayari. Mama alijibu bila kugeuka kwamba atakwenda chombo kikipona, na chombo kilichopigwa sabuni hakiponi upesi.

Tangu siku hiyo muuguzi hufukiza chombo kabla ya zamu, humimina maziwa kikombeni, huweka kidonge kando. Mama huonja kidogo, hukunja uso. "Bado sabuni," husema, kisha humeza kidonge na kumaliza kikombe. Siku moja aliniomba nimsomee ile karatasi ya friji. Nilipomaliza aliniambia niichane. Jikoni kwake, alisema, patakuwa na kanuni moja: chombo hakiguswi na mtu isipokuwa daktari wake, yaani muuguzi. Nikamuuliza kama na mimi nimo katika hao watu. Akasema mimi ndiye wa kwanza. Omena sasa hukaangwa ndani na hakuna anayefiwa.

Juzi muuguzi alikuwa zamu ya mapema, ameacha kila kitu tayari. Mama akaonja, safari hii hakukunja uso, akaninyooshea kikombe.

"Onja wewe."

Nikaonja. Moshi ulinijaa mpaka puani, moshi wa utotoni, wa maziwa ya alfajiri kabla ngamia hawajafunguliwa. Sabuni ilikwisha toka zamani. Mama hakukitazama kikombe, alinitazama mimi, na nyuma yake, kando ya mlango wa chumba chake, mfuko wake wa safari ulikuwepo, bado umefungwa kamba.

"Vipi?"

Mungu anisamehe. "Bado, hooyo," nikasema. "Sabuni tupu."

Akakipokea kikombe, akameza kidonge, akanywa yote.