Simba Wanne wa Shaibu

Miaka kumi na tisa Shaibu ameuza kahawa Ufukoni, na kila sarafu aliyopewa aliigeuza mara mbili kabla ya kuitia mfukoni. Alitafuta zile zilizokosewa kiwandani. Ya kuringia ilikuwa moja tu, ya shilingi mia mbili, iliyogongwa chapa mara mbili, simba wake wawili wakawa wanne.

Leo mnunuzi wa sarafu hiyo alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam. Shaibu akafungua kopo lake, sarafu haimo. Akaikuta shingoni mwa mjukuu wake mchanga, imetobolewa kwa msumari na kutiwa uzi mweusi.

"Mwaisha, umeniua," alimwambia mkewe. "Ikishatobolewa ni takataka."

"Mtoto halali kwa jicho la mahasidi, baba Husna. Nimemvalisha kinga."

"Kopo zima limejaa sarafu, ukachagua hiyo?"

"Si wewe uliyesema haina mwenziwe duniani? Ulitaka nimvalishe ya kununulia vitumbua?"

Shaibu akaushika uzi aukate. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Akauachia, akabeba kopo kwenda kulificha Shangani kwa dada yake Safina, asiye na mjukuu wala msumari.